Maboksi Matatu ya Kobe

9 Januari

Dada yangu,

Salamu ninazokutumia ni nyingi, zigawe mwenyewe: za mama ziwe kubwa, zako za kati, na zitakazobaki mpe shemeji. Mimi sijambo. Ukisikia mtu yeyote anasema mguu wa fulani hivi, goti la fulani vile, mwambie mwenyewe amekuandikia kwa mkono wake kwamba hajambo.

Kazi ni ile ile. Lifti zinapanda, lifti zinashuka, na watu wanabonyeza kitufe mara saba kana kwamba lifti inabembelezwa. Nimehama chumba. Kule ghorofa ya nne kulikuwa na upepo mwingi, sasa nipo chini kabisa, karibu na lango. Ni chumba kidogo, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu sikutaka kusema, mambo ya mali hayasemwi hewani.

Rafiki yangu dereva wa lori atakuletea maboksi matatu. Ndani yake mna sarafu. Usifurahi haraka, si sarafu za kununulia sukari. Ni za ukumbusho, hutolewa mara moja kwa mwaka na kila mwaka una mnyama wake, na mwaka nilionunua mimi mnyama alikuwa kobe. Nimelala juu ya maboksi hayo miaka yote hii na hakuna aliyejua.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huharibu. Thamani haiko kwenye sarafu. Thamani iko kwenye boksi ambalo halijafunguliwa. Mwenye duka la sarafu wa huku amenieleza mara nyingi: ukiuza kobe mmoja mmoja utapata bei ya kawaida tu, lakini boksi zima lenye utepe wa kiwandani, muhuri wake na kona zake kali, hilo watu wanagombania mpaka wanakosana. Bei ilipanda mwaka juzi, ikapanda mwaka jana. Anasema itafika mara mbili.

Kwa hiyo usifungue. Usitikise. Usiweke juani, usiweke penye unyevu, usiweke karibu na shemeji.

Bei ikifika mara mbili nauza na narudi nyumbani. Niliondoka nikitamba kwamba nitarudi na kitu, na mikono mitupu sirudi. Subira huvuta heri.

Mdogo wako,
Fundi Lifti


3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tulizipokea tukazigawana kama ulivyoagiza. Shemeji yako ameridhika na makombo, alishazoea. Amenunua viatu vipya vinavyolia kila hatua, kwa hiyo siku hizi hatumtafuti, tunamsikia. Mama anakula vizuri na anasema vibaya, yaani ni mzima. Dukani kwangu nguo za kupigwa pasi zimejaa mpaka dirishani. Kuna mteja mmoja analeta shati lile lile kila Ijumaa na kila Ijumaa ananiambia ni jipya.

Unasema mali haisemwi kwenye simu. Mimi ninachojua ni kwamba kwenye simu ukiulizwa unarudi lini, mtandao wako unakatika. Basi tuandikiane. Karatasi haina mtandao.

Maboksi yamefika. Dereva aliyashusha ameyapakata kama mtoto mchanga, akaniambia umemwapisha. Nikamwuliza habari zako, akasema hujambo, halafu akatazama pembeni. Nimelihifadhi hilo.

Hebu nielimishe, maana mimi nimesomea pasi tu. Wewe unauza boksi ambalo hujalifungua kwa mtu ambaye naye hatalifungua, ambaye atamwuzia mwingine ambaye hatalifungua. Nani basi amewahi kumwona huyo kobe? Watu wengine wakiuziwa mbuzi kwenye gunia hulia. Ninyi mnaongeza pesa ili gunia lisifunguliwe.

Mama alipoyaona aliuliza, "Na yeye mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia umetanguliza mizigo. Akasema, "Mimi sikuzaa mizigo," akaenda zake jikoni. Hataki kusema, lakini kila lango likilia anainua kichwa.

Nimeyapanga chumbani kwetu, nyuma ya mlango, mbali na jua na mbali na maji. Yako salama. Ila nina swali dogo. Huyo mwenye duka anaposema kona kali, anataka ziwe kali kiasi gani? Nauliza tu.

Dada yako,
Mama Pasi


25 Februari

Dada,

Kwa nini unauliza?

Samahani, nimeanza vibaya. Hamjambo wote? Mama hajambo? Shemeji na viatu vyake? Mimi sijambo. Kwa nini unauliza?

Nitakujibu kwa utaratibu. Kona ikibonyea, mnunuzi anashuku kwamba boksi lilianguka. Akishuku lilianguka, anashuku sarafu ziligongana. Akishuku ziligongana, anashuku mwenye boksi ni mtu wa hovyo, na mtu wa hovyo huenda alilifungua akalifunga tena. Basi imekwisha, bei inashuka. Najua utasema, labda sarafu zenyewe ziko sawa. Dada, hakuna anayejua kama ziko sawa, na hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Nakuomba uende ukayatazame sasa hivi, kisha uniandikie neno moja tu: kali.

Habari za kazini ni njema. Nimepandishwa cheo. Sishuki tena kwenye shimo la lifti na spana, siku hizi nakaa mezani na simu. Mtu akikwama kati ya ghorofa anabonyeza kengele, mimi ndiye ninayemwambia atulie, fundi anakuja. Juzi alikwama bwana mmoja aliyebeba keki ya harusi. Nikamtuliza weee, tukaongea habari za ndoa mpaka akatulia kabisa. Mafundi walipofungua mlango hakutaka kutoka, na keki ilikuwa imepungua. Hiyo kazi inahitaji mtu wa busara, ndiyo maana nimepewa mimi.

Mwenye duka anasema mwezi huu bei imenyanyuka tena. Andika neno hilo moja.

Mdogo wako,
Fundi Lifti


8 Mei

Mdogo wangu mpendwa sana,

Salamu nyingi mno, za upendo, kutoka kwetu sote. Najua nimechelewa. Bomba la jirani lilipasuka. Halafu mama alikuwa na kikohozi, kikapona. Halafu yule wa shati la Ijumaa alikuja Jumatano na ikabidi tujue kulikoni, kumbe ameposa. Anaoa mwezi wa tisa, na kwenye harusi atavaa lile lile. Mvua huku imekuwa ya wastani. Paka wa dukani amezaa kwenye kapu la mashuka ya hoteli na hoteli haijaambiwa. Unakula vizuri? Hicho chumba cha chini hakina mbu?

Basi. Sijalifungua boksi, nianze hapo.

Ni hivi. Kabla ya ile barua yangu ya Februari, shemeji yako alitafuta mahali pa kukaa afunge kamba za viatu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikaa juu ya boksi. Kona moja ikaingia ndani. Ndiyo maana niliuliza.

Ulivyonijibu, roho haikutulia. Ule utaratibu wako wa kushuku na kushuku ulinikosesha hamu ya kula. Lakini mimi kazi yangu ni kunyoosha. Mtu analeta suruali imekunjamana kama imetafunwa, anaondoka nayo imesimama yenyewe. Nikajiambia, karatasi ngumu ni kitambaa tu chenye kiburi. Nikalipeleka boksi mezani, nikaweka kitambaa chenye unyevu juu ya kona, nikashusha pasi polepole, ya moto kiasi, kwa heshima.

Mdogo wangu, kona ilinyooka! Ikawa kali ya kukatia mkate. Nilimwita mama aje aone kazi. Sasa tulipokuwa tunaisifia kona, utepe wa juu ukaanza kujikunja. Kumbe gundi ya kiwandani nayo inasikia joto. Nikaubana kwa kiganja, ukatulia. Nikaondoa kiganja, ukanyanyuka, na mfuniko ukanyanyuka nao taratibu, kama mtu anayeamka. Nikaufunga. Ukafunguka. Mama akaniambia, "Mwache, anataka kutoka."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikuambie tu kwamba kobe wamo. Ni wazuri kweli. Ukimgeuza mmoja kwenye mwanga unaona kama anatembea. Sasa angalau wewe una uhakika na ulichonunua, jambo ambalo wenzako wote hawana.

Yale mawili mengine hayajaguswa.

Dada yako anayekupenda,
Mama Pasi


29 Mei

Kwako Dada,

Namsalimu mama. Wengine wote nimewaruka.

Ulilipiga pasi. Nimesoma barua yako nikiwa mezani kazini, simu inalia, mtu amekwama ghorofa ya tisa, na mimi siwezi kumwambia atulie kwa sababu mwenyewe sijatulia. Ulichukua boksi la kiwandani lenye muhuri, ukalipiga pasi kama kola.

Nilikwenda kwa mwenye duka la sarafu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa chini. Kisha akamwita mke wake kutoka nyuma ili nirudie tena. Amekuwa kwenye biashara hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Amesikia boksi lililoliwa na mchwa, boksi lililooga mafuriko, boksi lililotumiwa kama kigoda na mkwe. Akasema la pasi ndilo la kwanza, na akaomba ruhusa ya kuwasimulia wenzake.

Kwa sasa boksi hilo ni kobe tu waliokaa pamoja. Zirudishe sarafu zote ndani, usimruhusu mtu azishike, jasho la vidole linaua bei. Niandikie kwamba ziko zote.

Na kwa kuwa moja limekufa, ni lazima yaliyobaki yapande mara tatu ili hesabu yangu itimie. Itachukua miaka minne, labda mitano. Mwambieni mama asining'ang'anie mwaka huu. Nitakuja nikiwa na kitu.

Fundi Lifti


20 Juni

Mdogo wangu,

Mimi nakusalimu hata kama umeniruka. Shemeji yako anakuomba radhi, amevivua vile viatu, sasa anatembea na soksi ndani ya nyumba na kututisha tukiwa tunapika.

Barua yako nilimsomea mama. Nilipofika kwenye miaka minne, labda mitano, sikuweza kuruka kwa sababu alikuwa ananitazama mdomo. Unajua mama hana swali asilouliza na neno asilolijibu. Safari hii aliinuka tu. Alichukua kikombe chake akakiosha, akakikausha, akakiosha tena. Niliumia, na nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia ninavyoandika hapa.

Halafu dereva wako alipita. Nikamkaribisha chai. Kikombe cha kwanza alisema hujambo. Cha pili akasema magoti yako yamekwisha, kwamba ngazi unazishuka umekaa, moja baada ya moja, kama mtoto anayejifunza. Cha tatu akasema hukupandishwa cheo chochote, na kwamba ulihama ghorofa ya nne kwa sababu siku moja ulishindwa kufika mlangoni ukalala kwenye ngazi. Cha nne nilimnyima, niliogopa kitakachofuata. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndugu yangu, na wewe umeyaficha nyuma ya kobe.

Sasa nisikilize kama nilivyokusikiliza mimi. Maboksi yako mawili yapo dukani, juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Kona zote kali, utepe safi, mihuri inang'aa. Ukifika nyumbani kabla Agosti haijaisha, utayakuta hivyo hivyo. Usipofika, nitachomeka pasi na kuanza na la kulia. Sitakuwa na hasira. Nitafanya kazi nzuri.

Umeuliza sarafu. Ziko mikononi salama.

Dada yako,
Mama Pasi


11 Julai

Dada, dada, dada,

Tafadhali chomoa pasi. Hata kama haiwaki, ichomoe. Yaondoe maboksi hapo mezani, mvuke wenyewe unatosha kulegeza gundi! Hujambo? Shemeji mwambie avae viatu vyake, nimemsamehe, sasa ninakuogopa wewe.

Nilimweleza mwenye duka kuhusu tishio lako nikitumaini atanipa mbinu. Akafikiri sana, akasema, "Dada yako anaielewa biashara kuliko sisi sote." Na anaomba umwambie ile pasi uliiweka kwenye namba gani, kwa ajili ya kumbukumbu zake.

Haya. Ni kweli. Ni magoti. Daktari alisema nisipige magoti tena chini ya lifti wala mahali pengine, na kazini wakanihurumia wakanipa meza. Natembea na fimbo. Niliona aibu, ndiyo maana sikusema, na bado naona aibu. Unakumbuka siku niliyoondoka? Basi lilikuwa limeshaanza kwenda, nikalikimbilia, nikadandia mlango, mtaa mzima ukapiga makofi. Hao ndio ulitaka nishuke mbele yao nimeshikwa mkono kama mgonjwa? Nilitaka maboksi yatangulie, nirudi mtu mwenye mali. Watu wakitazama mali hawatazami miguu.

Nimekata tiketi. Basi linafika tarehe 14 Agosti asubuhi. Na isieleweke vibaya, sikuikata kwa sababu ya machozi wala kikombe cha mama. Nimeikata kwa sababu ya pasi.

Ila nakuomba jambo moja na usinibishie. Uje peke yako. Usimwambie mtu. Nishuke kimyakimya tupite nyuma ya soko tufike nyumbani. Nimekaa mbali miaka mingi, dada. Sina nilichowaletea, na sidhani kama kuna anayenikumbuka, kwa hiyo haitakuwa vigumu.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Pole na magoti. Hilo ndilo ninataka ulisome kwanza. Pole sana. Nimelia dukani mpaka mteja akadhani nimeunguza nguo yake.

Pasi haikuwa imechomekwa. Maboksi hayajawahi hata kufika dukani, yapo chini ya kitanda cha mama, na mama hamruhusu shemeji yako ainame upande ule. Mwambie mwenye duka niliiweka kwenye hariri. Kwenye pamba ningelichoma, mimi si mjinga.

Chumba chako kitakuwa kile cha mbele, hakina kizingiti. Shemeji amekaza kitanda chako misumari na amekilalia kukijaribu, sasa hataki kutoka.

Lakini habari ya kuja peke yangu haiwezekani, na itabidi nikueleze kwa nini, maana nimekuficha jambo tangu Mei.

Siku ile boksi lilipofunguka, mama alilichukua akaenda nalo chumbani. Nikadhani anazihifadhi sarafu. Kesho yake alikuja fundi wa baiskeli akauliza, kama anavyouliza kila mwezi, "Yule kijana wako aliyedandia basi, anarudi lini?" Mama akaingia ndani akatoka na kobe mmoja, akamwekea kiganjani. Akamwambia, "Kaa naye. Umrudishie mwenyewe siku atakayofika." Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka bei yako, lakini yule mzee alimfunga kobe kwenye leso kama yai, na mimi nikamwacha aende naye.

Tangu hapo kila anayekuulizia anapewa wake. Mwalimu wako wa hesabu anaye. Mama muuza mkaa anaye. Yule msichana uliyemwandikia mashairi, ambaye sasa ana wajukuu, anaye, na alirudi siku ya pili kuuliza kama mumewe naye anaweza kupata. Wa shati la Ijumaa hakujui kabisa, lakini alisikia habari zako pale dukani akakuulizia kwa moyo, naye akapewa. Wote wameapishwa na mama kukurudishia mkononi, kwa hiyo tarehe 14 stendi itajaa, na ile ndoto yako ya kupita nyuma ya soko uisahau.

Nilikuandikia kwamba sarafu ziko mikononi salama. Sikudanganya. Ila boksi lilikwisha tangu mwezi wa sita, watu bado wanakuja kukuulizia, na mama ananisumbua kila asubuhi nimwashie pasi afungue la pili.

Dada yako